Mjadala: Pemba ipewe chuo kikuu chake, au SUZA ibaki moja?

Mtambwe Kwetu (mleta mada)
Assalaam alaykum. Naleta hili kwa kuwa kila msimu wa mahafali huzuka, na kila mara huzikwa kwa matusi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kimeundwa kwa Sheria Namba 8 ya 1999 na kuanza kusomesha 2001. Tizameni miaka yenyewe. 1999 ndio muafaka wa kwanza wa CCM na CUF. 2001 ndio ile Januari ya waandamanaji kupigwa risasi tunayoijua sote, na Oktoba yake muafaka wa pili. Chuo kimezaliwa katikati ya moshi. Leo makao makuu yako Tunguu, Vuga ipo, Nkrumah ipo pale Beit el Ras, afya Mbweni, fedha Chwaka, utalii Maruhubi. Pemba, watu 543,000 na ushei kwa sensa ya 2022, tuna Mchangamdogo, basi. Suali langu: haijafika wakati Pemba ikawa na chuo kikuu chake cha serikali, chenye baraza lake, bajeti yake na makamo mkuu wake? Naomba hoja, si kejeli.

Mtoto wa Mchangani
Hoja hii hapa. Mkipewa chuo leo, wiki ya pili ukumbi wa mihadhara umeshakuwa duka la mchele wa jumla. Mpemba na kaunta hawaachani, hahaha.

BintiWete
Mtu kaandika sheria, kaandika miaka, kaandika idadi ya watu, weye umeona duka. Sasa nikwambie. Duka ndilo lililonisomesha mimi na kaka zangu. Baba alikuwa na kijiduka Manzese, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, usiku analala juu ya magunia ya sukari ili asilipe kodi ya chumba. Digrii yangu imetoka kwenye sukari ya robo robo. Ya kwako imetoka wapi?

Mtoto wa Mchangani
Yakhe, utani huu! Mbona umekuja na panga?

Karafuu Kavu
Utani wenu tunaujua, huanzia dukani ukaishia kwenye ajira. Na hizo ajira za serikali mnazojivunia zimelipwa na karafuu zetu miaka nenda miaka rudi.

Mtoto wa Mchangani
Karafuu ni za Zanzibar, si zenu.

Karafuu Kavu
Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tokea hapo kisiwa kinachobeba zao hili kinajulikana. Ni zetu bwana. Mnachotoa nyinyi ni ofisi ya kuzipimia.

Mzee wa Vuga
Vijana, nimewasoma kimya. Hebu tuseme kuhusu chuo kidogo.

SUZA haikupangwa na mtu aliyekaa na ramani mezani. Imeokotwa vipande vipande. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, ilikuwapo Vuga tokea mwisho wa miaka ya 1970. Nkrumah kilikuwa chuo cha ualimu kinachojitegemea. Chwaka palikuwa na chuo cha fedha, Mbweni cha afya, Maruhubi cha hoteli na utalii, Kilimani cha uandishi wa habari. TAKILUKI na Nkrumah ziliingia SUZA mapema; hivyo vyengine vinne, miaka hiyo ya 2016, 2017, vikatiwa ndani, kila kimoja kikabaki pale pale kilipokuwa, ila mkurugenzi akawa anaripoti Tunguu. Mchangamdogo nako palikuwa na chuo cha ualimu cha Benjamin Mkapa, na hicho ndicho kilichoipa Pemba kampasi.

Kwa hiyo anayesema SUZA imeinyima Pemba anamkamata asiyehusika. Pemba ilinyimwa zamani, pale vile vyuo vidogo vilipokuwa vinagaiwa. Chuo kikuu kimerithi mgao uliokuwapo. Ukikigawa leo mapande mawili, pande la Pemba litakuwa chuo cha ualimu chenye bango la chuo kikuu. Baraza litapatikana, makamo mkuu atapatikana na gari lake, lakini mtoto anayetaka udaktari au uhasibu atapanda boti vile vile.

Nilifika Chwaka enzi za chuo cha fedha, nakumbuka zaidi pweza kuliko mihadhara.

Chaza wa Makunduchi
Mzee, heshima yako, lakini pweza wa Chwaka hamfikii wa Kizimkazi hata akipikwa na malaika.

Shangazi Kikwajuni
Wa Chwaka anapigwa vizuri kabla ya kupikwa, hapo ndipo siri ilipo. Wa Kizimkazi mnampika na haraka zenu za watalii.

Kipara wa Tabata
Wakuu, mimi wa bara naomba kueleweshwa. Elimu ya juu imo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni moja. Ninyi mna chuo chenu, mna bodi yenu ya mikopo tangu 2011, na ya kwetu nayo mnaipigia hodi. Sasa mnataka chuo cha pili kwa watu laki tano? Wilaya nyingi za Dar zina watu zaidi ya hao. Mbona Tabata hatuna chuo kikuu?

BintiWete
Tabata unapanda daladala ukafika Mlimani. Mie nikipanda daladala mpaka mwisho nakuta bahari.

Mtoto wa Mchangani
Hapo nipo na dada wa Wete. Na huyo wa Tabata aeleze kwanza, kama elimu ya juu ni ya Muungano, UDOM ilipojengwa Dodoma 2007 Zanzibar ilijengewa nini? Tulijijengea wenyewe kwa sheria ya Baraza letu la Wawakilishi, leo tunaulizwa kwa nini.

Kipara wa Tabata
Muungano ukitoa hela ni haki yenu, ukiuliza swali ni uonevu. Sawa.

Mtoto wa Mchangani
Uliza suali lenye adabu utajibiwa.

Karafuu Kavu
Weye ndiye wa kufundisha adabu?

Mtambwe Kwetu (mleta mada)
Jamani, nimeuliza chuo. Nimepata pweza, mikopo na duka.

Mzanzibari wa Leicester
Niongeze kitu ambacho huenda kikasaidia. Ireland Kaskazini nako palikuwa na mgogoro wa namna hii hii. Mwaka 1965 kamati ya serikali ilipendekeza chuo kikuu kipya kiende Coleraine, mji mdogo wenye Waprotestanti wengi. Derry ndio mji wa pili kwa ukubwa, una Wakatoliki wengi, na ulikuwa na chuo cha Magee tokea 1865, ukaachwa. Watu wa Derry, pamoja na meya wao ambaye alikuwa wa upande wa serikali, walitoka na msafara mrefu wa magari mpaka Stormont kwenye bunge, John Hume akiwa miongoni mwa viongozi. Hawakusikilizwa, na chuo kikafunguliwa Coleraine 1968. Mwaka 1984 kikaunganishwa na politekniki iliyokuwa karibu na Belfast, kikawa chuo kimoja chenye kampasi nyingi, Magee ikiwamo. Na hadi leo watu wa Derry wanahesabu wanafunzi wangapi wako Magee na wangapi wako kwengine. Maana yangu, kuwa na kampasi peke yake hakukati maneno. Yanayokata maneno ni masomo gani yamewekwa pale na fedha kiasi gani.

Shangazi Kikwajuni
Kila uzi lazima atokee mtu wa ughaibuni na mfano wa nchi ya baridi.

Mtoto wa Mchangani
Na Ireland Kaskazini baada ya 1968 kulitokea nini, sheikh? Miaka thelathini ya mabomu. Unatuombea?

Mzanzibari wa Leicester
Astaghfirullah. Sikusema hivyo. Nimesema chuo.

Mtoto wa Mchangani
Umekaa kwenye kipasha joto huko, huku ukiwaambia Wapemba watoke na msafara wa magari. Tutakaokumbana na virungu ni sisi.

Mzanzibari wa Leicester
Hakuna niliyemwambia atoke. Rudi usome, ndugu yangu.

Karafuu Kavu
Muacheni. Anachosema tunakijua kwa damu. Tizameni Maalim Seif, aliyekuwa kiongozi wa CUF, Allah amrehemu. Kamaliza skuli 1963, akili ya kupita Makerere anayo, lakini hakuruhusiwa. Kasomesha Fidel Castro Pemba na Lumumba Unguja mpaka 1972 ndipo akaingia Chuo Kikuu Dar es Salaam, akatoka na daraja la kwanza. Mtu wa daraja la kwanza kawekwa nje karibu miaka tisa! Na wangapi hawakuwa na bahati ya kusubiri? Mnapotuambia tuko nyuma kielimu, mkumbuke mlango nani aliufunga.

Mtoto wa Mchangani
Na kati ya 1977 na 1980 nani alikuwa Waziri wa Elimu Zanzibar? Si Maalim huyo huyo? Chuo cha Pemba kiko wapi?

Karafuu Kavu
Waziri wa Elimu ndani ya chama kimoja, juu yake Baraza la Mapinduzi. Unadhani alikuwa anatia saini peke yake?

Mtoto wa Mchangani
Likija zuri ni Maalim, likikosekana ni Baraza la Mapinduzi. Haya, na Dk. Shein? Mpemba, rais 2010 mpaka 2020, na rais ndiye Mkuu wa Chuo. Miaka kumi mtoto wenu kavaa lile joho, ndio kipindi vyuo vingi vinaunganishwa. Mbona hakuihamishia Pemba hata idara moja?

BintiWete
Mkuu wa Chuo anatunuku digrii, haendeshi chuo.

Mzee wa Vuga
Hapo binti yangu umelegeza. Mkuu wa Chuo kwa SUZA si wa kupiga picha tu. Makamo Mkuu anateuliwa na rais. Angetaka, angesikilizwa.

BintiWete
Sawa mzee, lakini tuseme na la pili. Mpemba akipewa madaraka Unguja, la kwanza analothibitisha ni kwamba hapendelei kwao. Ndio bei ya kiti. Shein angejenga skuli ya udaktari Chake, si mngesema karejesha kwao?

Mtoto wa Mchangani
Tungesema. Lakini ingekuwa imejengwa.

Mvuvi wa Kojani
Nimechelewa, mtandao huku ni wa kubahatisha. Mie baraza na makamo mkuu sivijui. Mwanangu yuko mwaka wa pili Unguja. Kila muhula tunampakia boti Mkoani: nusu gunia la muhogo, ng'onda kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa, dumu la mafuta ya nazi limefungwa na mfuko mara mbili lisivuje kwenye nguo. Dahalia haikupatikana, wamekodi chumba watatu. Mamake hafungi jicho mpaka asikie sauti yake kafika. Tokea meli ya Spice Islander izame 2011 ndio hali yake. Nikijumlisha nauli, kodi na kula, ada ya chuo ndiyo ndogo. Mtoto wa jirani kafaulu kuliko wangu, yuko nyumbani anatwanga, babaake kashindwa hiyo kodi. Mie nataka uuguzi usomeshwe upande huu. Bango liandikwe SUZA, liandikwe lolote.

Shangazi Kikwajuni
Hili nalikubali. Na ng'onda ukipata wa ziada nikumbuke.

Chaza wa Makunduchi
Mvuvi kasema kweli. Uvuvi na mambo ya bahari yaende Pemba, na kilimo nacho, maana karafuu ndiko ziliko. Utalii ubaki Unguja kwenye mahoteli. Chuo kibaki kimoja, skuli zigaiwe upya.

Kipara wa Tabata
Hata mimi hapo sina shida. Uhasibu unaweza kusomeshwa popote penye umeme.

Mtambwe Kwetu (mleta mada)
Basi tuseme ni skuli za afya na bahari, chini ya SUZA, zenye bajeti yao. Mimi napendekeza ziwekwe Mtambwe. Ardhi ipo, bahari ipo, na karibu pale Daya pana kituo cha mafunzo ya amali, barabara si tatizo.

Karafuu Kavu
Mtambwe? Chake ndio mji. Uwanja wa ndege uko Chake, benki ziko Chake, mwalimu wa kutoka Unguja asubuhi atashuka na kuingia darasani.

BintiWete
Mchangamdogo iko wilaya ya Wete, kampasi imeshaanza, majengo yapo. Kwa nini tuanze kufyeka msitu kwengine? Wete na bandari tunayo.

Karafuu Kavu
Bandari ya Wete kila mtu anajua boti kubwa zinakokwenda.

BintiWete
Ndio nyinyi wa Chake. Unguja ikituacha mnalia na sisi, kitu kikija mnataka kipite mlangoni kwenu kwanza.

Karafuu Kavu
Nimesema uwanja wa ndege, umesikia mlango wangu?

Mkoani Juu
Mnagombana bure. Uuguzi na udaktari vinataka hospitali ya kujifunzia. Abdalla Mzee iko Mkoani, Wachina wameijenga upya, na boti ya Mvuvi inatia nanga pale pale.

BintiWete
Kwani Wete hatuna hospitali?

Mkoani Juu
Mnayo. Na wagonjwa wenu wazito mnatuletea sisi.