Stelingi akibadilishwa, mhusika anabaki yuleyule? (Bond, T'Challa na wenzao)

Mtoto wa Magomeni
Wakuu, habari za jioni. Hili nimekuwa nalo kichwani tangu Daniel Craig amalize kazi na picha ya 2021, ile ambayo Bond anakufa mwishoni (ambaye hajaiona anisamehe, muda alikuwa nao). Mwaka 2025 Amazon wameshika usukani wa Bond kutoka kwa familia ya Broccoli, watayarishaji wake wa miaka yote, mwongozaji ametajwa, Denis Villeneuve, na sasa watu wanasubiri sura mpya.

Mimi siulizi ni nani. Nauliza kama ni halali. Mhusika akishagandana na sura ya mtu, nani kakupa ruhusa ya kumvua sura hiyo umvishe nyingine? Kwa Bond tumezoea. Ila Chadwick Boseman alipofariki 2020, Marvel walisema T'Challa, yule mfalme wa Wakanda wa kwenye Black Panther, haigizwi na mtu mwingine. Sasa huku iwe sawa, kule iwe haramu, kivipi? Msimamo wangu: mwigizaji akiondoka, aondoke na mhusika wake. Kumweka mwingine ni kama kuposa mjane kabla hajamaliza eda. Naomba kuwasilisha.

Chuma cha Reli
Mkuu, Bond wamepita watano na dunia haijasimama. Connery, Moore, Dalton, Brosnan, Craig. Funga uzi.

Fundi Deki
Sita. Umemruka George Lazenby, 1969. Picha moja tu, 1971 Connery akarudishwa. Yaani walijaribu sura mpya, wakakimbilia ya zamani. Hapo mtoa mada anaweza kujitetea vizuri kuliko alivyojitetea mwenyewe.

Chuma cha Reli
Huyo hahesabiki. Ni sawa na mchezaji wa akiba aliyeingizwa dakika ya 89.

Nyota ya Jaha
Mimi nimekwama hapo kwenye mjane. Mjane ni nani katika mfano wako, sisi watazamaji au mhusika? Na kwa nini wanaume mkitafuta mfano wa kitu kinachobadilisha mikono lazima awe mwanamke?

Mtoto wa Magomeni
Dada, ni namna ya kusema tu.

Nyota ya Jaha
Basi sema kwa shamba. Shamba nalo lina mirathi.

Na kwa T'Challa umesoma nusu. Angalia mwisho wa ile ya pili, ya 2022. Anatokea mtoto wa marehemu, naye anaitwa T'Challa. Hicho ni kitu tunakijua hata bila kwenda Wakanda. Babu akifa, mjukuu anapewa jina, tunasema huyu ni somo wa babu. Hakuna anayelalamika kuwa babu ameigizwa upya. Mimi ningependa wamwache huyo mtoto akue, aje akae pale kwa haki yake. Huko si kubadilisha, ni kurithisha.

Chuma cha Reli
Somo hajifanyi babu lakini. Mjukuu haji mezani akaanza kusimulia vita vya Kagera.

Nyota ya Jaha
Wa kwetu anasimulia. Hujamwona.

Mchumi Mstaafu
Tuambiane ukweli. Mhusika ni mali, kama jina la sabuni. Kampuni ikibadilisha mfanyakazi, sabuni inaendelea kutoa povu. Richard Harris alifariki 2002, Michael Gambon akavaa ndevu za Dumbledore wa Harry Potter kuanzia picha ya tatu, watoto wakaendelea kujaza kumbi. Joker, adui wa Batman, ndiyo usiseme: Heath Ledger alipata Oscar kwa nafasi ile, Joaquin Phoenix naye akapata kwa nafasi hiyohiyo. Wanaolialia ni watu waliolelewa na vibanda umiza, ambao hadi leo wanadhani Schwarzenegger na Komando ni mtu mmoja aliyezaliwa na bunduki begani.

Fundi Deki
Hapo sasa umenigusa, Mchumi.

Mimi nimelelewa na kibanda umiza, Manzese, miaka ya tisini. Mabenchi ya mbao yasiyoegemewa, dirisha limezibwa na blanketi la kijivu, televisheni ya inchi 21 imefungiwa ndani ya wavu wa nondo kama kuku. Nje kuna ubao, ratiba imeandikwa kwa chaki: SAA 8 KARATE, SAA 10 KOMANDO, SAA 12 MHINDI. Tulikuwa tunalipa shilingi 50, na mwenye kibanda alikuwa na fimbo kwa ajili ya waliopita chini ya turubai. Ukitoka mgongo unauma, ndiyo maana ya jina.

Na tulikuwa na watafsiri. Kapteni Derek Mukandala, Lufufu, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mzungu anafungua mdomo, sauti inayotoka ni ya mtu wa Dar, anakueleza huyu ni adui, yule anamdanganya, na ukuta ule nyuma angalia vizuri kuna mtu. Mimi Bond wa Roger Moore na Bond wa Pierce Brosnan niliwaona wiki moja, kwa sauti ya mtafsiri mmoja. Nikadhani ni mtu mmoja kanyoa. Sikushtuka hata kidogo! Kwa hiyo hesabu yako imegeuka kichwa chini: sisi wa kibanda ndio tuliokuwa tayari kwa sura mpya. Wanaolialia ni nyinyi mliosoma majina ya waigizaji kwenye magazeti.

Kijana wa Tabata
"Kanyoa" 😂😂 nimecheka mpaka abiria wa mwendokasi wananiangalia.

Mchumi Mstaafu
Lufufu alikuwa anatunga nusu ya maneno. Unasikia Mzungu kasema neno moja, yeye anatoa hotuba.

Fundi Deki
Ndiyo uzuri wake. Kwani wewe tafsiri zako za uchumi huwa hutungi?

Bi Mkubwa wa Upanga
Wanangu, shikamooni zenu nimezipokea ingawa hamjazitoa. Vibanda vyenu navisikia tu. Sisi Bond tulimwona kwenye skrini kubwa. Mjini kulikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Cameo, watu wanavaa kama wanaenda harusini. Na Drive-in kule Msasani. Unakaa ndani ya gari, unachukua spika unaitundika kwenye kioo, watoto wamelala siti ya nyuma. Roger Moore alipochukua nafasi mwaka 1973 watu waligoma wiki mbili tatu, wakazoea. Kwa hiyo mnachobishania nyinyi, sisi tulishamaliza.

Fundi Deki
Shikamoo mama. Tunaheshimu.

Chuma cha Reli
Drive-in ilikuwa Oysterbay, si Msasani. Palipolipuliwa 1998.

Bi Mkubwa wa Upanga
Mwanangu, usinifundishe mji. Ubalozi wa Marekani uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998 ulikuwa Barabara ya Laibon, huko ndiko Oysterbay. Baada ya hapo wakajenga mpya Barabara ya Bagamoyo ya Zamani, na huo mpya ndio umekalia uwanja wa Drive-in. Ukipita pale na daladala, pale kwenye ukuta mrefu, mimi ndipo nilipomwona Connery.

Mchumi Mstaafu
Samahani mama, lakini miaka ile mwenye gari Dar alikuwa anajulikana kwa jina. Mzee alikuwa waziri au? Maana kuna watu humu wanatusimulia utoto wa mabwanyenye kama vile ndio historia ya mji.

Kijana wa Tabata
Uuuwi. Nimekaa pale.

Nyota ya Jaha
Mchumi, hiyo si hoja. Mtu kaongelea sinema, wewe unamkagua baba yake.

Bi Mkubwa wa Upanga
Mwache mwanangu, nimjibu. Baba yangu alikuwa fundi gereji, Gerezani. Gari lilikuwa Peugeot 404 ya mteja. Likishatengenezwa Jumamosi, baba anamwambia mwenyewe "lije kuchukuliwa Jumatatu, kuna mlio nausikiliza". Jumamosi usiku tunajipakia saba humo, mama na ndoo ya bisi, tunaenda kuusikiliza huo mlio Msasani. Jumapili asubuhi kazi yangu mimi na kaka ilikuwa kuokota bisi chini ya siti, moja moja, kwa sababu mteja akikuta hata moja baba hana kazi. Huo ndio ubwanyenye wetu.

Mchumi Mstaafu
Nimenyamaza. Naomba radhi, mama.

Chuma cha Reli
Huyu mzee angecheza Bond mwenyewe.

Mtoto wa Magomeni
Wakuu, turudi kwenye mada. Hakuna aliyenijibu kuhusu haki ya marehemu.

Bi Mkubwa wa Upanga
Nakujibu kwa Kihindi. Amitabh alicheza Don 1978. Mwaka 2006 wakamleta Shah Rukh Khan kwenye Don ileile. Nilikwenda kwa hasira, nimevaa kabisa sura ya kukataa. Nikatoka nimekubali, shingo upande. Lakini Gabbar Singh, yule adui wa Sholay, 1975, Amjad Khan, yule hakuna. Mwaka 2007 Ram Gopal Varma alijaribu kuirudia hadithi ile, akampa uadui Amitabh mwenyewe, shujaa wa ile ya kwanza, na bado ikaanguka vibaya. Kwa nini Don imewezekana na Gabbar imeshindikana, mimi sijui. Labda shujaa ni suti, anavaa anayetosha. Adui ni ngozi.

Mchumi Mstaafu
Na Joker, mama? Adui yule amebadilishwa ngozi mara ngapi?

Bi Mkubwa wa Upanga
Huyo anapakwa rangi. Ukipakwa rangi usoni hata wewe unaweza.

Kijana wa Tabata
Mimi wa kwangu ni yule mke wa Uncle Phil wa kwenye Fresh Prince. 1993 wakambadilisha kimyakimya. Mpaka leo naona kama mzee alioa mke wa pili bila kututangazia, na watoto wakaambiwa "mwiteni mama".

Fundi Deki
Lakini mnazunguka nje ya nyumba. Hapa kwetu swali lenyewe halipo, na nawaambia kwa nini. Sisi mwigizaji hana jina, ana jina la mhusika. Amri Athumani nani anamjua? Sema King Majuto. Said Ngamba? Mzee Small. Joti ni Joti hata akienda benki. Kundi zima la Ze Comedy lilipotoka Channel 5 kwenda TBC, jina likaleta mvutano wakajiita Ze Orijino Komedi. Watu walifuata nini? Walifuata sura. Sasa Majuto kafariki Agosti 2018, nenda kamtafute Majuto mwingine uone utakavyopigwa mawe.

Mtoto wa Magomeni
Kwa hiyo unaniunga mkono?

Fundi Deki
Kwa Bongo, ndiyo. Kwa Bond, hapana. Usinitie kwenye kundi lako zima.

Chuma cha Reli
Sasa na hii akili mnemba je? Rogue One ya Star Wars, 2016, walimrudisha Peter Cushing kwa kompyuta na mtu alifariki 1994. Paul Walker wa Fast and Furious naye, alipofariki wadogo zake walisimama wakabandikwa sura yake picha iishe. Kesho kutwa mtu anaamka na Kanumba mpya, anaongea, analia, anatongoza. Hapo si bora waweke tu kijana mwingine?

Nyota ya Jaha
Usiguse Kanumba.

Aprili 2012 nilikuwa Leaders siku ya kumuaga. Nilipanda ukuta na kiatu kimoja, kingine kilibaki kwenye miguu ya watu, sijakiona mpaka leo. Alikuwa na miaka 28. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mtu mzima anamlilia kwa kumwita jina la kwenye picha, si Kanumba, lile la mhusika. Ukimrudisha kwa kompyuta, yule mama utamwambia nini? Kijana mwingine acheze hadithi zile, sawa, nitalalamika na nitanunua. Ila sura ile iacheni makaburini Kinondoni.

Mtoto wa Magomeni
Ndicho nilichosema mwanzo.

Nyota ya Jaha
Hapana. Wewe ulisema mhusika azikwe naye. Mimi nasema sura. Soma vizuri kabla hujashangilia.

Mchumi Mstaafu
Dada leo kaamkia upande wake. Mimi bado nasema mali ni mali, ila huyo wa kompyuta hata mimi nisingelipia.

Kijana wa Tabata
Samahani kwa kutoka nje ya mada: kuna mtu bado ana mikanda ya watafsiri? Mimi nimezaliwa wakati wa DVD, nawasikia tu kwa baba.

Fundi Deki
Ninayo mitatu kwenye boksi la viatu. Miwili imeota ukungu, unaona kabisa weupe kupitia dirisha la plastiki. Deki yangu iliungua umeme uliporudi kwa kishindo.

Bi Mkubwa wa Upanga
Deki ipo kwangu, nafunikia kitambaa. Inafanya kazi, mkanda tu ndio inautafuna kidogo mwanzoni. Njooni Jumapili baada ya adhuhuri. Ni mikanda gani?

Fundi Deki
Mmoja Van Damme. Mwingine karate, jina limefutika. Huo mzima umeandikwa kwa kalamu ya wino JEMSI BONDI NA. 2.

Chuma cha Reli
Bond yupi huyo, Moore au Brosnan?

Fundi Deki
Sijui, aisee. Haijaandikwa.