MJADALA: Bibi na babu wanaoshinda na wajukuu, walipwe au wasilipwe?

Mwl Mstaafu (Kihonda, Morogoro)

Wanajamvi salaam. Leo naleta jambo najua litanigombanisha na watu, ila nimelikalia kifuani muda mrefu bora nilitoe.

Kule Sweden kuanzia Julai 2024 wazazi wanaruhusiwa kumgawia bibi au babu sehemu ya zile siku zao za likizo ya malezi zenye malipo, zisizidi 45, na kama mzazi analea peke yake basi 90. Yaani bibi anakaa na mjukuu, anamlisha, anambembeleza, na kuna kitu kinaingia. Nilivyosikia nikacheka halafu nikanyamaza, maana mimi hapa nashinda na watatu na kinachoingia ni "mama, umeme umeisha, wewe weka tutarudisha".

Kabla hamjanirukia, nawapenda hao watoto kupita maelezo. Wa kwangu sikuwafaidi, nilikuwa nasahihisha madaftari usiku mtoto yuko mgongoni, asubuhi nakimbilia kipindi cha kwanza, sijui hata meno yao yaliota lini. Sasa nina muda. Mkubwa akirudi shule tunakaa barazani tunachambua mchicha ananipa taarifa ya habari yote, nani kapigwa, nani kalia, mwalimu gani kavaa kiatu kimetoboka. Wa kati ananiita mchumba, anasema akikua ananioa na mahari ni baiskeli yake, babu yake akisikia ananuna kweli kweli wanaanza kugombana wawili hao chakula kinapoa. Usiku nikisema hadithi hadithi wanaitikia mpaka jirani anaitikia. Juzi nimeanza ya sungura na fisi, mdogo kanikatisha, "bibi huyu fisi si alikufa ile ya jana?" Nikakosa jibu jamani.

Sasa hiyo ni raha na sidai senti kwa ajili yake. Ninachosema mimi, raha ya wajukuu ni kitu kimoja na kazi ya yaya ni kitu kingine, na hawa vijana wetu wanavichanganya makusudi. Huyo mkubwa alikuwa bweni, yuko la pili, serikali ilipokataza bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne mwaka 2023 (na mimi niliunga mkono, mtoto wa miaka saba bweni anafanya nini?) nikapigiwa simu, "mama tunakuletea mtoto Jumamosi." Hakuna "mama utaweza?" wala "mama presha inaendeleaje?" Hela waliyokuwa wanalipa bweni ikaenda wapi? Sijaiona. Nimeona gari jipya.

Hoja yangu: mzazi akimwacha mtoto kwa bibi ili yeye aende kwenye kazi ya mshahara, alipe. Kwa kupanga, kwa tarehe. Na serikali nayo iwape pensheni wazee wote hata ambao hawakuajiriwa, Zanzibar walianza 2016, mzee wa miaka 70 anapewa 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapanda mpaka 50,000. Huku bara tunangoja nini?

Karibuni, ila matusi hapana.

Baba Junior

Shikamoo bibi. Kwa heshima zote mimi napinga, tena napinga kwa nguvu. Mimi nimelelewa na bibi Newala tangu sijaanza shule mpaka namaliza la saba, tulikuwa wajukuu kama timu ya mpira pale uani, hakuwahi kudai hata mia. Tulikula korosho, tulikula ming'oko, tulichapwa, tukawa watu. Leo ukianza habari ya kulipana kesho mjomba atadai posho ya kuja kwenye kikao cha harusi. Hii ndo inavyoanza undugu unakuwa duka. Wazungu wamefika huko kwa sababu wazee wao wako peke yao ndani wanaongea na paka, sisi tunaiga nini?

Tausi

Hakudai kwa sababu hakukuwa na wa kumdai. Uliwahi kumuuliza?

Baba Junior

Ameshatangulia mbele ya haki.

Tausi

Pole sana. Swali langu liko palepale lakini.

Mama Mapacha

Mwalimu shikamoo. Nisaidie kidogo hapo kwenye Sweden maana watu watabeba nusu ya habari. Wale wana siku 480 za likizo ya malezi kwa kila mtoto ndo wakaamua kumgawia bibi 45. Sisi sheria ya kazi inampa mama siku 84, ukipata mapacha kama mimi 100, baba siku 3. Tatu! Baba anamaliza siku zake bado hata kitovu hakijadondoka. Sasa hapo namgawia mama yangu nini? Mtu hagawi asichokuwa nacho.

Ndo maana bibi anabebeshwa. Siku ya mia na moja mimi niko kazini watoto wana miezi mitatu na ushee, dada wa kazi wa kwanza kakaa kidogo kaondoka bila kuaga, wa pili nikakuta anawapa dawa ya mafua ili walale, kituo cha kulelea watoto cha karibu wanataka mtoto anayetembea. Nikampigia mama analia yeye nalia mimi, akapanda basi usiku huohuo kutoka Singida. Na hela nampa, kila mwezi nampa, ila siwezi kuiita mshahara ataniachia watoto aondoke, naiita ya sabuni. Sabuni gani hiyo ya kujengea choo cha kisasa kijijini, tunajua wote wawili tunanyamaza.

Kwa hiyo mimi nasema pigeni kelele likizo iongezwe kwanza, baba naye apewe siku za maana, bibi atabaki na ile raha yake aliyoisema mwalimu.

Mzee wa Kijiweni (Tanga)

Nimesoma nikaona ngoja na sisi akina babu tuseme. Mimi hela siitaki. Ukinilipa umeniajiri, ukiniajiri utanipangia, mara mtoto alale saa nane kamili, mara asile ubuyu, mara umempa kahawa (nimempa povu tu). Leo sina bosi. Nilifanya kazi bandarini miaka yote napigiwa kengele, sasa nina mjukuu wa miaka sita na hakuna kengele.

Alasiri tunatoka mimi na yeye mpaka kijiweni, mimi kahawa yeye kashata. Nimemfundisha bao, nikaanza na lile la kujifunza, kila shimo kete mbili, mashimo 32 kete 64, basi tu. Hesabu za shule zilikuwa zinamtoa machozi, lakini kwenye bao anapiga hesabu kete zitaishia shimo gani kabla hajagusa, mama yake akishangaa namwambia mwalimu wake ni mie. Sasa hivi anataka kuingia kwenye namua, ile ya kuingiza kete moja moja kutoka mkononi, kama watu wazima, nimemwambia subiri kwanza. Wiki iliyopita kanishika mkono mbele ya wazee wenzangu, "babu umerudisha kete mfukoni." Na kweli nilikuwa nimerudisha. Kijiwe kizima kimenicheka, mpaka leo nikipita naitwa Mfukoni.

Sasa hiyo utaitia bei gani? Nani ataandika risiti?

Mwl Mstaafu

Mzee wangu nakuheshimu sana na habari ya kete nimeifurahia. Ila naomba kuuliza, huyo mjukuu mnavyotoka alasiri anakuwa keshaoga, keshakula, nguo keshabadilishwa, sare ya shule iko kwenye kamba imefuliwa. Na magharibi mkirudi maji yako tayari na ubwabwa umefunikwa. Nani kafanya? Maana hapa wanaume wengi mtasema hamtaki malipo, na kweli hamyataki, kwa sababu mnayoyafanya nyie ni ile sehemu ya raha. Mtafute bi mkubwa umuulize kama naye hataki.

Mzee wa Kijiweni (Tanga)

Nimemsomea. Amecheka mpaka amekaa chini. Hajasema kilichomchekesha.

Tausi

😂😂 anajua yeye

Otieno wa Kisumu

Wadau mimi niko Kenya naomba nichangie kidogo. Huku mtu wa 70 na zaidi anapata ile pesa ya serikali ya Inua Jamii, ni shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na ikichelewa inachelewa kabisa. Nawaambia vile inaenda kwa ground: dani (bibi) anapokea, anatoka hapo anapitia dukani ananunua unga, daftari na kalamu za wajukuu, anafika nyumbani na kitu kidogo sana. Pesa imeandikwa ya mzee, anayeila ni mtoto ambaye baba yake ako Nairobi anapost picha akiwa club. So mwalimu ukisema serikali ilipe, sawa, lakini ujue utakuwa umemsaidia yule baba kukwepa. Katiba yetu ya 2010 ibara ya 57 inasema mzee apate utunzaji kutoka kwa familia na serikali, zote mbili. Familia imewekwa hapo si kwa bahati mbaya.

Baba Junior

Asante Otieno, angalau mtu mmoja kaelewa.

Otieno wa Kisumu

Hapana bro, mimi nasema baba alipe. Baba ni wewe.

Mwana wa Muleba

Naona mnajadili kama vile bibi ana hiari ya kukataa. Mimi natokea Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika kwetu mwaka 1983, na miaka iliyofuata kulikuwa na nyumba unaingia unakuta bibi na watoto tu, katikati hapo hakuna mtu, makaburi yako kwenye migomba. Hao bibi hawakuombwa wala hawakupigiwa simu, walizika watoto wao wakageuka wakaanza upya kuchemsha uji. Mimi ni mmoja wa hao wajukuu.

Kule Nshamba kuna shirika linaitwa Kwa Wazee, tangu 2003 linawapa wazee wanaolea wajukuu kiasi cha hela kila mwezi. Kwa anayesema malipo yanaua undugu, njoo Nshamba uangalie kama bibi aliyepewa hela ya chumvi, sabuni na daftari alimpenda mjukuu pungufu. Kilichopungua ni lile jambo la mzee kwenda kulima kibarua kwenye shamba la mtu akiwa na mgongo unaouma ili watoto wapate kula. Akirudi huko hana nguvu ya hadithi wala ya utani, anavua kanga analala. Hela inamwachia nguvu ya kukaa na mtoto. Raha mnayoizungumzia hapa inataka tumbo lililoshiba, la bibi na la mtoto.

Na kuna watu bado wanaona aibu kusema bibi alihitaji hela. Wa kwangu alizihitaji.

Mama Mapacha

Nimeisoma mara mbili hii. Asante kaka.

Dada wa Minneapolis

Sisi wa huku ndo wabaya zaidi wala tusijifiche. Unamkatia mama tiketi, ndugu wote nyumbani wanapiga vigelegele mama anaenda Marekani, anafika Desemba, theluji mpaka dirishani, anakaa ndani na kichanga kutwa nzima sisi tuko kwenye shifti, hana wa kumsalimia, hana hata jua la kuota. Mama yangu alipendana na mtoto mpaka basi, alimwimbia nyimbo za kwao ambazo mimi sikuwahi kuimbiwa, lakini alivyorudi aliwaambia shangazi zangu kafungwa jela yenye friji kubwa. Hela tuliyookoa ya kituo cha kulelea watoto kwa miezi ile ingemmalizia nyumba yake. Ilienda kwenye nini sijui, bili.

Baba Junior

Naona nimebaki peke yangu haya basi. Bibi mwalimu taja bei tujue, maana mnaongea tu. Mshahara wa dada wa kazi? Nusu? Kwa kichwa au kwa siku?

Mwl Mstaafu

Marahaba mwanangu, ile ya mwanzo sikuitikia nilikuwa nimekasirika.

Bei sitaji kwa sababu mwenye kipato cha bodaboda na mwenye kipato cha ofisi hawalingani, na wapo wazee ambao mtoto wao hana kitu kabisa, hao ndo nasema wabebwe na serikali. Kwangu mimi nataka hivi: chakula na ada vije tarehe inayojulikana bila mimi kukumbusha kama nadai deni. Bima yangu ya afya alipe anayeniachia mtoto, kwa sababu dirisha la wazee hospitalini lipo lakini mara nyingi unaishia kuandikiwa dawa ukanunue. Na kila wiki niwe na siku ambayo mtoto ni wa mama yake na baba yake, mimi niende kwaya, nisuke ukili wangu, nilale nikitaka. Na Jumapili ndo nzuri. Hayo yakifanyika neno malipo nalifuta kwenye uzi huu.

Baba Junior

Tarehe sawa. Bima sawa, hata kesho. Jumapili hapana bibi, wiki nzima niko barabarani, Jumapili ndo siku pekee na mimi napumzika, asubuhi kanisa, mchana mpira.

Tausi

Kanisani kuna watoto kibao, nenda naye.

Baba Junior

Na mpirani je?

Mzee wa Kijiweni (Tanga)

Mpirani usimpeleke kwanza, mdogo. Lete huku kijiweni namfundisha bao. Ila Jumapili mimi nachaji.