Muziki nikiandika programu: unanisaidia ama unanimaliza?

Kijana wa Pipeline: Wadau naomba ushauri. Nafanyia kazi kwa nyumba hapa Pipeline, Nairobi, bedsita yangu inaangalia steji na kuanzia saa kumi na moja asubuhi makanga wanaita watu, jirani wa chini naye ana spika, so nikaanza kuvaa hedifoni naweka gengetone. Mwanzo ilikuwa poa. Sasa jana nimekaa masaa matatu na hesabu ya duka la mteja, jibu linakuja sifuri tu, JavaScript, lugha ninayoandikia programu, hailalamiki, nasoma mstari narudia, kumbe mahali pa "jumla" nimeandika "usiku", neno la wimbo uliokuwa unacheza! Niache muziki kabisa?

Mama Wawili: Pole kijana. Shida ni maneno, si muziki. Programu unaisoma na sauti ya ndani ya kichwa, msanii naye anaongea hapo hapo. Weka gitaa tupu ama nyatiti bila kuimba.

Fundi wa Umoja: Ama Lingala, kama huelewi haikusumbui.

Mama Wawili: Hapana Fundi, hata lugha usiyoijua, sauti ya mtu inavuruga kukumbuka vitu kwa mpangilio, wanasaikolojia wamelipima hilo sana. Lingala ni ya zile kazi za kurudiarudia, kupanga mafaili, kujaza fomu, hapo hata mimi naiweka. Nikitafuta bagi, yaani kosa kwa programu, nazima kila kitu.

Mkaazi Roysambu: Muziki wa Mozart, yule wa piano za zamani, je? Si wanasema anaongeza akili

Fundi wa Umoja: Hiyo ilitoka utafiti wa 1993, wanafunzi 36, na faida yenyewe ilikuwa kwa maswali ya maumbo, haikupita dakika 15. Usiitegemee.

Dada Betri: Mimi naogopea masikio yako, kushindana na steji utaongeza sauti bila kujua. WHO, shirika la afya duniani, wanasema sauti ya desibeli 80 mwisho ni masaa 40 kwa wiki, ikifika 90 ni masaa 4 pekee. Jaribu sauti ya mvua, chini chini.

Kijana wa Pipeline: Asanteni sana, nimeweka mvua tangu asubuhi na makanga nawasikia kwa mbali, kazi imesonga. Lakini besi ya jirani bado inapita, naisikia hadi kwa meza.

Dada Betri: Besi hupita ukuta, hedifoni za kawaida haziwezi. Shuka umuongeleshe na heshima, wangu nilimwomba atoe spika kwa ukuta aiweke juu ya godoro kuukuu, na ikapungua.