Skana ya mkononi inasoma magari ya zamani lakini inagoma kwa mapya: je, inatengenezeka?

Muulizaji

Ndugu mafundi, nina skana ya mkononi ya kusomea misimbo ya hitilafu ambayo sasa inasumbua kwa namna mbili, nami sijui kama chanzo ni kimoja. Kwanza, huzimika na kuwaka tena kebo inapoguswa karibu na plagi ya pini 16. Pili, inawasiliana vizuri na magari ya zamani, lakini nikiichomeka kwenye gari jipya hutafuta mawasiliano kwa muda, kisha huandika kwamba imeshindwa kuipata kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Wenzangu wananishauri ninunue nyingine. Kwa kuwa kioo, vitufe na programu viko sawa, naona si busara kuiacha kabla sijajua kilichokufa. Nina mita na chuma cha kuchomelea risasi. Nianzie wapi?

Fundi Nyaya

Mkuu, anza na kebo, kwa sababu ndiyo inayokunjwa kila siku na ndiyo hukatika mapema kuliko kitu kingine chochote katika mashine hizi. Waya huvunjika ndani ya mpira, pale kebo inapoingia kwenye plagi, huku nje ikionekana nzima kabisa. Weka mita kwenye mlio, gusisha ncha moja kwenye pini ya 16, ambayo huleta umeme wa betri, na nyingine kwenye ncha ya pili ya kebo, kisha ikunje taratibu. Mlio ukikatikakatika, umeupata ugonjwa. Rudia kwa pini ya 4 na ya 5, ambazo ni hasi. Usifuate rangi za waya, kwani kila mtengenezaji hupanga zake. Fuata namba za pini.

Siku skana ikikataa kabisa kuwaka kwenye gari fulani, angalia kwanza fyuzi ya gari lenyewe. Katika magari mengi soketi ya kupimia hutumia fyuzi moja na kiwashio cha sigara.

Mkaguzi wa Bodi

Hilo la kebo ni sahihi, ila halielezi kwa nini magari ya zamani yanasomeka. Mengi ya hayo huzungumza kupitia pini ya 7, yaani laini ya K, waya mmoja wa mawasiliano, ilhali mapya hutumia mtandao wa CAN, yaani jozi ya waya ambazo kompyuta za gari huwasiliana kwazo, kupitia pini ya 6 na ya 14. Marekani, kwa mfano, ililazimisha CAN kwa magari yote madogo kuanzia matoleo ya 2008. Kwa hiyo prosesa yako ni nzima na umeme wake ni mzima. Kilichobaki ni waya za pini hizo mbili, au chipu inayopokea na kutuma CAN.

Ichomoe skana kila mahali, kisha pima omu kati ya pini ya 6 na ya 5, halafu kati ya ya 14 na ya 5. Katika mashine nzima utapata maelfu ya omu, na vipimo hivyo viwili vitakaribiana. Kimoja kikishuka karibu na sifuri, kuna shoti. Vyote viwili vikionyesha wazi, yaani hakuna muunganiko kabisa, rudi kwenye kebo.

Muulizaji

Ahsanteni. Waya wa pini ya 16 ulikuwa umekatika nusu, nimeukata na kuuunga upya. Pini ya 14 inatoa maelfu ya omu, lakini ya 6 haifiki omu 10. Nifungue bodi?

Mkaguzi wa Bodi

Fungua. Karibu na mahali kebo inapoingia kuna kijidude chenye miguu mitatu, ambacho ni dayodi ya ulinzi wa laini za CAN. Kitoe kwanza, kwa sababu mara nyingi hujitoa mhanga ili chipu ipone. Shoti ikiondoka, weka kingine cha aina ileile. Ikibaki, tafuta chipu ya miguu minane iliyo jirani. Katika chipu nyingi za kazi hii mguu wa 2 ni hasi, wa 3 ni umeme, wa 6 ni CAN ya chini na wa 7 ni CAN ya juu. Nunua yenye namba ileile, kwani zipo za volti 5 na za volti 3.3, na kuzichanganya ni kuua bodi iliyokuwa hai.

Mwenye Tahadhari

Naunga mkono matengenezo haya, kwa sharti moja. Kusoma misimbo hakuna hatari kubwa, lakini kuandika programu kwenye kontroli boksi ni jambo jingine: mawasiliano yakikatika katikati, boksi inaweza kubaki bila programu kamili, na hapo hasara itazidi thamani ya skana. Baada ya kuiunga, ichomeke kwenye gari linalotumia CAN, washa injini, fungua ukurasa wa vipimo vya moja kwa moja, na utikise kebo kwa makusudi huku ukitazama mzunguko wa injini na joto la maji. Namba zikiganda au kuruka hata mara moja, itumie kusomea tu hadi ubadilishe kebo nzima.