Ukoo wa Bi Mwanajuma: Idi Chumbageni

Da Saumu (saa 1:12 asubuhi): Assalaam aleikum ukoo. Idi keshokutwa, sote kwa mama. Michango nitaisema jioni. Asubuhi hii nina neno moja: mwaka huu asitokee mtu wa kuwamwagia paka wa mama pilau.

Da Saumu: Pilau ina kitunguu maji na kitunguu saumu. Vyote viwili vinaharibu damu ya paka, vibichi au vilivyopikwa. Hata ukivitoa vipande, maji yake yameshaingia kwenye wali. Na huoni siku hiyo hiyo. Siku kadhaa baadaye ndio unamkuta amejilaza tu, fizi nyeupe, mkojo kama chai ya rangi.

Hamisi: Kumbe saumu ni sumu 😂😂 mie nilijua zamani

Juma: 😂😂😂

Rashidi: 🤣 Da Saumu pole

Da Saumu: Hamisi, sicheki. Nani analeta dagaa? Wale wa chumvi waloweke kwanza, umwage maji, ndio uwachemshe. Nyama ya paka itolewe kabla haijatiwa viungo, ichemshwe pembeni. Kuku sawa, ila bila mifupa. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha, unachoma utumbo.

Mariamu: Shangazi, na maziwa je? Wanangu hupenda kuwapa.

Da Saumu: Paka wakubwa wengi maziwa ya ng'ombe yanawaharisha. Wawekee maji safi. Na yale mabakuli ya biriani yenye zabibu yafunikwe. Zabibu zinaua figo za mbwa, sitaki kujaribu kwa paka.

Juma: Mie naleta soda kreti 2

Da Saumu: Juma, nimeuliza dagaa.

Hamisi: Lakini Da Saumu, miaka yote hiyo paka wanakula pilau mbona wazima?

Mariamu: Na Mweupe?

Mariamu (saa 3:40): Nauliza tu. Sinia lililoachwa uani usiku ule halikuwa langu.

Hamisi: Mariamu, hayo si tuliyamaliza?

Mariamu: Mliyamaliza nyinyi. Mimi ndiye niliyeambiwa nimeweka sumu ya panya. Mpaka leo hakuna aliyesema samahani.

Rashidi: Jamani Idi ni Jumatano au Alhamisi?

Da Saumu: Naomba tusirudi huko. DAGAA. Nani?

Bibi (saa 6:05): 🎤 Ujumbe wa sauti, 1:47

Rashidi: Nimo kwenye daladala, kuna mtu atuandikie

Mariamu: Bibi anasema Mweupe aliachiwa na babu, na babu alikuwa akimchambulia samaki kwa mkono wake mpaka wiki aliyoondoka. Anasema hakumuuliza mtu nani alimpa nini, na hatauliza. Lakini Idi hii paka watakula kwanza, kabla ya wageni. Na atakayewachambulia samaki ni Hamisi.

Juma (saa 7:30): Shikamoo bibi

Hamisi (saa 9:18): Shikamoo bibi. Nimesikia. Nitafika na basi la alfajiri.

Hamisi: Mariamu, simu yako imezimwa. Ukiwasha nipigie.

Da Saumu: Alhamdulillah. Sasa, samaki wa kuchambua anatoka wapi? Changu wawili tu wanatosha, wachemshwe bila chumvi wala ndimu.

Mwanahawa Muscat (saa 5:50 usiku): Wapendwa ndio natoka kazini. Natuma pesa ya samaki, nimtumie nani? Na kuna mtu anakuja na tende na chokoleti za watoto.

Da Saumu: Tuma kwangu. Chokoleti ikifika niipokee mimi, iingie kabatini. Inaupeleka mbio moyo wa paka, na ile nyeusi ndiyo mbaya zaidi. Paka wa mama wanapanda mpaka mezani, mnawajua.

Juma: Kwa hiyo dagaa ni Mariamu?

Mariamu (saa 12:20 asubuhi): Mimi sikusema naleta dagaa.

Da Saumu: Hamisi, umempata?