Komunio ya Kwanza: binti ana miaka 9, cheti cha ubatizo kimepotea, Jumamosi ni ya baba. Nianzie wapi?

Mama_Nyegezi

Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa, naombeni mwongozo. Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la nne, na parokiani kwetu wameanza kuandikisha watoto wa Komunio ya Kwanza. Alibatizwa akiwa mchanga kwenye kigango kimoja (kanisa dogo chini ya parokia) kule Ukerewe, ila cheti kilipotea tulipohamia huku Nyegezi. Katekista, yaani mwalimu wa dini, anataka cheti pamoja na barua ya jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ya mtaani. Baba yake ni Msabato. Hana kinyongo mtoto kusali kwetu, lakini Jumamosi anataka awe naye, na mafundisho ni Jumamosi. Ndoa ya kanisani hatujafunga. Sala zote mtoto anazo kichwani, kinachomtisha ni kuungama. Halafu ana pumu, na misa za siku hiyo mnajua zinavyokwenda. Mama mmoja wa jumuiya kaniambia nisubiri mpaka tufunge ndoa, mwingine anasema mtoto bado mdogo. Nishike lipi?

MzeeWaKigango

Milele, Amina. Mama, anza na cheti, ndicho kinachokula muda.

Ukerewe haiko tena Jimbo Kuu la Mwanza. Tangu 2010 iko Jimbo la Bunda, kwa hiyo usihangaike na ofisi za jimbo hapa mjini. Na Bunda kwenyewe huna haja ya kwenda, maana vitabu vya ubatizo hukaa parokiani. Padre akibatiza kigangoni, majina huingizwa kwenye kitabu cha parokia. Cha kuuliza ni hiki: mwaka ule kigango kile kilikuwa chini ya parokia ipi? Kama baadaye kilipandishwa kuwa parokia au kikahamishiwa parokia jirani, kitabu cha zamani hakikuhama nacho.

Karatasi moja iwe na jina la ubatizo la mtoto, majina yenu wazazi kama mlivyoyatoa siku ile, jina la msimamizi wake, kigango na tarehe. Tarehe ikikupotea, taja sikukuu. Vigangoni watoto hubatizwa kwa mafungu, mara nyingi karibu na Pasaka au Noeli, na anayetafuta ataanzia kurasa za siku hizo. Watu wengi hukwama kwenye majina. Shuleni mtoto anatumia jina la baba la kwanza, kitabuni baba kaandikwa kwa jina la ukoo, au herufi L na R zimebadilishana. Toa majina yote mnayoyatumia, hata lile la bibi.

Kabla ya kupanda meli ya Nansio, mwombe paroko wako akuandikie barua kwa paroko wa kule, kisha mtume ndugu aliyeko huko aipeleke. Barua ya paroko hujibiwa haraka kuliko simu ya mtu asiyejulikana. Wakimpata, hakikisha cheti kipya kina namba ya kitabu, ile inayoandikwa LB. Ukiwa nayo, hata cheti kikipotea tena mtoto anapatikana mara moja.

Asipoonekana kitabuni, bado kuna njia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 876, inakubali tamko la shahidi mmoja asiye na shaka, mradi halimdhuru mtu yeyote. Msimamizi wake au bibi aliyekuwepo aende kwa paroko, maneno yake yaandikwe. Kuna watakaokushauri "abatizwe tena tu yaishe". Kataa. Ubatizo haurudiwi. Ule wa sharti ("kama hujabatizwa, nakubatiza…") hutolewa pale tu uchunguzi umefanyika na shaka ya kweli imebaki.

Ziwani_Kirumba

Hao mama wawili wa jumuiya wote wamekosea, na nasema hivi kwa upendo.

Umri: tangu 1910, Papa Pio X alipotoa dekreta juu ya Komunio ya watoto, kipimo ni umri wa kutumia akili, takriban miaka saba. Miaka 9 si mdogo hata kidogo. Kanuni ya 913 inataka mtoto awe na ujuzi wa kutosha na maandalizi mazuri, alielewe fumbo la Kristo kadiri ya uwezo wake. Haikusema aelewe kama mseminari.

Ndoa: kutofunga kwenu kunawahusu nyinyi wawili. Kanuni ya 843 inakataza kumnyima sakramenti anayeiomba kwa wakati ufaao, aliye tayari, na asiyezuiwa na sheria. Huyo mtoto hazuiwi na lolote. Paroko atawagusia habari ya ndoa, na ni haki yake kuwagusia, lakini hilo si sharti la binti kupokea. Ukisikia mtu wa jumuiya analigeuza kuwa sharti, nenda kwa paroko mwenyewe. Usibishane na mwenyekiti, maana saini yake utaihitaji.

Na hiyo saini haiji kwa kuonekana wiki ya kuandikisha. Hudhuria jumuiya kuanzia wiki hii, mtoto akiwa pembeni yako, na kadi ya zaka ikae vizuri.

Jumamosi, ongea na katekista waziwazi. Parokia nyingi zina kundi la Jumapili baada ya misa, au la jioni siku za shule, kwa ajili ya watoto wenye tuisheni. Ikishindikana, omba kigango cha jirani, kwa ruhusa ya paroko. Usimtoe mtoto kwa kisingizio cha kwenda sokoni. Baba akigundua atahesabu kwamba hata mengine umemficha, na mtoto mwenyewe atakuwa na dhambi ya uongo ya kuungama kabla hajafika kwenye somo la uongo 😀

Mwl_Katekesi

Mama, umesema sala zote anazo kichwani. Hapo nina neno.

Mpime hivi. Usimwambie "sali Nasadiki". Mpe kipande cha katikati, "akateswa kwa mamlaka ya…", uone kama ataendelea au atarudi mwanzo kuichukua upya. Akirudi mwanzo, ameshika wimbo tu. Mchukulie sentensi moja kwa siku, aieleze kwa maneno yake. Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe Baba, Nasadiki, Amri Kumi za Mungu, Amri za Kanisa, Sakramenti Saba na Sala ya Kutubu, hizo ndizo utakazokuta kwenye kila mtihani wa katekista. Dakika kumi kila jioni kabla ya chakula zinatosha. Saa mbili za Ijumaa usiku hazisaidii, mtoto anasinzia.

Swali linaloangusha watoto wengi ni "Unapokea nini?" Majibu yanayokuja: "mkate uliobarikiwa", "mfano wa mwili wa Yesu", "mkate wa kumkumbuka Yesu". Yote matatu yanamrudisha kukaa chini. Kwa binti yako nategemea hasa la pili na la tatu, maana akiwa upande wa baba atakuwa amesikia habari za meza ya Bwana zikielezwa kwa namna ile. Bila kumtukana mtu, mwambie wazi: kabla ya mageuzo ni mkate na divai, padre akishatamka maneno ya Yesu, pale altareni ni Yesu mwenyewe, mzima, Mwili na Damu, Roho na Umungu. Maumbo yamebaki ya mkate, chenyewe si mkate tena. Na yuko mzima katika kila kipande, ndiyo maana kipande kikianguka padre anainama kukiokota. Mwoneshe hilo misani, na taa inayowaka karibu na tabernakulo (kisanduku kinapotunzwa Ekaristi), na watu wanavyopiga goti wakipita mbele yake. Mtoto anashika kwa macho.

Kuungama sasa. Kabla ya yote mfundishe dhambi ni nini: alijua ni vibaya, akataka, akafanya. Kuvunja sahani kwa bahati mbaya si dhambi. Kukojoa kitandani si dhambi. Kukosa misa kwa sababu mama hukumpeleka si dhambi yake. Watoto huingia kuungama na mizigo hiyo, na hofu nyingi hutoka hapo.

Kisha mambo matano ya kitubio: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kutorudia, kuungama kwa padre, kutimiza malipizi. Kwa lile la kwanza, apitie siku yake: nyumbani, shuleni, njiani, kanisani. Aseme kwa ufupi na kwa idadi kama anaikumbuka: "nilimdanganya mama mara tatu, nilimpiga mdogo wangu, nilichukua kalamu ya mwenzangu." Asiungame dhambi za kaka yake. Mfanyie mazoezi kwa dhambi za kubuni. Zake halisi usimuulize, na usimwandikie kwenye karatasi. Karatasi hudondoka kwenye foleni, wenzake wakaisoma, na hapo umeharibu kazi yote. Mwambie padre hawezi kumwambia mtu yeyote, hata wewe, hata mwalimu. Akisahau maneno, aseme tu "Padre nimesahau", atasaidiwa. Sala ya Kutubu ndiyo awe nayo kikamilifu: "Mungu wangu, nimetubu sana…"

Kwa kawaida huungama siku moja au mbili kabla ya kupokea. Usiku ule akigombana na mdogo wake, usimtishe kwamba hawezi kupokea. Dhambi ndogo haimzuii. Ajute, aombe msamaha, na misani kuna "Namwungamia".

BabaPacha

Naongezea swali. Ni lazima awe na msimamizi? Na hiyo hostia, kile kimkate cha Komunio, wengine wanasema ikiguswa na jino ni dhambi.

Mwl_Katekesi

Msimamizi sheria inamtaka kwenye ubatizo na kipaimara. Kwa Komunio ya Kwanza hatakiwi. Parokia nyingine humweka mtu wa kumsindikiza mtoto, huo ni utaratibu wao, fuateni, lakini kukosa mtu si kizuizi.

Jino si dhambi. Shida ya hostia kwa mtoto ni kwamba ni kavu, hunata juu ya kaakaa, naye anaingiza kidole kuibandua. Ndiyo sababu ya mazoezi kwa hostia ambazo hazijageuzwa. Katekista akisema "Mwili wa Kristo", mtoto ajibu "Amina" kwanza, ndipo afungue mdomo. Wengi hufungua mdomo mapema na Amina inamezwa. Kichwa kitulie, ulimi utoke mpaka mdomo wa chini, asiifuate hostia kwa kichwa kama kifaranga. Kama parokia yenu inapokelea mkononi: kiganja cha kushoto juu ya cha kulia, aichukue kwa mkono wa kulia na kuila palepale mbele ya padre, asitembee nayo. Ikinata, aache ilainike kwa mate.

Nesi_Igoma

Nizungumzie mfungo na pumu. Mfungo ni saa moja kabla ya kupokea. Hesabu ni mpaka Komunio, si mpaka misa ianze. Maji hayavunji mfungo, dawa haivunji. Misa ikianza saa 3 asubuhi na watoto ni wengi, Komunio inaweza kukaribia saa 5. Mtoto aliyeambiwa asile tangu jana jioni ndiye anayeanguka kwenye mstari, na mara nyingi ni njaa na joto la nguo, pepo hawahusiki. Mpe uji mzito na yai saa 1 na nusu, maji mpaka anaingia kanisani. Bigijii na pipi marufuku.

Kwa pumu: mwambie katekista mapema kwamba ubani unamsumbua, akae mwisho wa benchi upande wa dirisha, mbali na njia ya maandamano. Pampu yake aishike mtu mzima aliye benchi la nyuma yake, isiwe kwenye mkoba wako kule nyuma ya kanisa. Kama daktari amemwandikia ya kutumia kabla ya vichochezi, fuata maelekezo hayo asubuhi ile. Na maua ya taji yawe ya kitambaa.

FundiSindano

Gauni usishone kabla ya kuuliza. Parokia nyingine zina kanzu za kuazima au kitambaa kimoja kwa wote. Kama ni hiari: kwa mtoto wa kimo cha sentimita 130 hivi, mita mbili na nusu za kitambaa cha upana wa mita moja na nusu zinatosha gauni la mikono, na mita mbili za bitana. Satini nyeupe bila bitana huonesha kila kitu juani. Popelini ya pamba ni bora kwa joto letu na kwa mtoto wa pumu, lakini iloweke na kuianika kabla ya kukata, isije ikaruka baada ya kufuliwa. Madukani Makoroboi utapata vyote. Soko la Mlango Mmoja ukiwahi asubuhi unapata gauni la mtumba zuri la kupunguza tu.

Urefu upime akiwa amepiga magoti kisha akipanda ngazi. Likigusa vidole vya miguu atalikanyaga altareni. Shela ya neti na mshumaa ni vitu vya kutazamwa sana: neti hushika moto kwa mguso mmoja. Shela iishie mabegani, na mshumaa uvishwe duara la karatasi gumu chini ya utambi ili nta isimwagike mkononi. Viatu avivae nyumbani wiki nzima kabla.

Mama_Nyegezi

Mungu awabariki. Barua kwa paroko wa Ukerewe naiomba Jumapili hii. Baba yake nimeongea naye, anasema kundi la Jumapili hana tatizo nalo, ila anauliza kama ataruhusiwa kuingia siku hiyo.

Ziwani_Kirumba

Aingie, akae na familia benchi moja. Yeye hatapokea, wakati wa Komunio abaki amekaa kwenye nafasi yake, hakuna atakayemshangaa. Mwambie tu kuhusu urefu wa misa kabla, sio siku hiyo.

MzeeWaKigango

Jambo moja la mwisho, mama. Baada ya sherehe usiondoke na kadi tupu. Tarehe na parokia aliyopokelea Komunio viandikwe kwenye cheti kile kipya, na hakikisha parokia yenu imemwingiza kwenye kitabu chake. Kipaimara wataanza kwa kuuliza hicho. Kipige picha pande zote mbili, moja abaki nayo bibi Ukerewe.