Kuwapeleka wageni kupanda milima ya Gombe, usalama ukoje?

Binti wa Mwanga
Habarini za jioni wakuu. Nina wageni wanakuja mwezi wa saba kutoka Dar, shemeji yangu na mkewe na mtoto wao wa miaka 13, pamoja na mama mkwe wangu, ana miaka sitini na kitu ila kwa kutembea hata kijana hamuwezi. Wanataka Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, na sio kukaa ufukweni tu, wanataka kupanda mpaka kule juu alikokuwa anakaa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, na darubini yake na kwenye maporomoko pia. Mi nimezaliwa hapa hapa Kigoma lakini Gombe naisikia tu kwenye redio. Njia zikoje? Tunaruhusiwa kutembea wenyewe? Na sokwe hawadhuru watu? Halafu usafiri, boti za abiria za Kibirizi zinafaa au nikodi?

Mtembezi Kasekela
Karibu sana dada. Naanza na mtoto maana hapo ndo safari inaweza kukwama, chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kwa sokwe na msimuongezee umri mkifika Kasekela, kituo cha hifadhi. Mwaka 2002 dume moja kubwa, Frodo, lilimpora mtoto mchanga aliyekuwa amebebwa mgongoni humo hifadhini likamuua. Sokwe ni mwindaji, mbega anawala, na dume likishapanda hasira hata baba wa mtoto wenu haliwezi.

Kutembea wenyewe haipo, ni lazima muongozaji. Mwishoni mwa miaka ya 60 mtafiti mmoja kijana alianguka kutoka kwenye genge la mwamba akafa, na alikuwa anaishi humo humo, tangu hapo watafiti wakawa hawaingii porini peke yao. Usiione hifadhi ndogo ukaidharau, ziwa liko kama mita 770 na matuta yanapita 1,500, kwaio unapanda tu. Njia ya maporomoko ya Kakombe haina shida, unafuata kijito chini ya miti mikubwa, kivuli muda wote. Ya Jane's Peak ndo kazi. Mwezi wa saba kumekauka, changarawe inateleza chini ya kiatu kama punje za mahindi sakafuni, na kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Usishike jani au tawi usilolijua, shika fimbo, waombe wawakatie kabla hamjaanza. Viatu viwe vya kung'ata ardhi, sendo muache, na suruali ndefu iingie ndani ya soksi maana siafu wapo.

Dume likisimamisha manyoya na kuanza kuburuta matawi usikimbie. Sogea kwenye mti, ushikilie, tulia, lipite. Linaonyesha ubabe kwa wenzake, lakini ukiwa katikati ya njia litakukumba.

Nesi wa Ujiji
Naongezea la afya na naomba msilichukulie poa. Mwenye mafua au kikohozi asiende, hata kama ameshalipia. Sisi tunaogopa sokwe watatudhuru kumbe sisi ndo tunawamaliza. Mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe wa Gombe, wengine wakafa wengine wakapooza mikono na miguu. Mwaka 2006 kule Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, wakakohoa na kufa kwa kirusi cha binadamu, ambacho kwako wewe ni mafua ya kawaida tu. Ndo maana kuna barakoa na kukaa mita 10, na ukitaka kupiga chafya geuka pembeni. Mama mkwe aje na dawa zake za presha kama anatumia, huko hakuna duka la dawa la kukimbilia.

Kijana wa Bangwe
Mi hiyo ya miaka 15 sijaielewa jmn, kuna watoto wa 13 warefu kuliko mama zao

Mtembezi Kasekela
Mdogo wangu urefu sio hoja, mtoto akishtuka anakimbia na akikimbia ndo anafukuzwa. Na chakula msipande nacho, maji tu, kama lita mbili kila mtu. Nyani wa ufukweni wanajua kufungua begi, akishika chako muachie.

Wa Kibirizi
Usafiri sasa. Boti za abiria zinatoka Kibirizi mchana kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Mwamgongo, zinakushusha Gombe njiani, kurudi zinapita alfajiri, kwaio lazima mlale. Ni rahisi ila zinajaza watu na magunia. Kwa mama mtu mzima kodi boti, mkae vizuri. Mwezi wa saba ni kusi, kwenda upepo uko mgongoni mtafurahi, kurudi ndo mnaukabili na boti inapiga maji. Tokeni asubuhi, mkikuta mawimbi muwe na mchana wa kusubiri. Laifu jaketi mvae, sio kukalia kama mto, na mzihesabu kabla boti haijaondoka nchi kavu. Nahodha akikwambia zipo za kutosha mwambie azitoe.

Binti wa Mwanga
Asanteni mno. Basi mtoto nabaki naye mimi, nitampeleka Ujiji pale walipokutana Livingstone na Stanley 1871 na kuogelea ufukwe wa Jakobsen. Je mama kileleni atafika?

Mtembezi Kasekela
Anzeni na Kakombe siku ya kwanza, muongozaji amuangalie anavyoshuka. Magoti yakitetemeka kwenye kushuka, kileleni asiende, na sharti hilo mmwambie mapema kabla hajafunga safari.